Utaifa hauitoi Ulaya mikononi mwa Marekani

Tarehe 30 Agosti 1954 wabunge wa Ufaransa walipiga kura juu ya mkataba wa kuunda jeshi moja la Ulaya. Wazo lenyewe lilikuwa la Wafaransa, walilitoa miaka minne nyuma. Kura 319 zililikataa, 264 zililikubali, na walioshinda wakasimama palepale ukumbini wakaimba wimbo wa taifa. Wafuasi wa Jenerali de Gaulle na Wakomunisti, watu ambao hawakuwa wakiketi jamvi moja, siku ile waliimba kwa sauti moja kwa kuwa waliamini wameiokoa nchi yao. Haukupita mwaka, Mei 1955, Ujerumani Magharibi ikaingizwa NATO chini ya jemadari Mmarekani. Ulinzi wa Ulaya ukakaa mikononi mwa Washington, na bado upo huko.

Naanzia hapo kwa sababu ya swali ninaloulizwa sana siku hizi, darasani na hata nje ya darasa: ikiwa Wazungu wamechoka kuamriwa na Marekani, na vyama vya utaifa vinaongeza kura kila uchaguzi, si maana yake Ulaya iko njiani kujitegemea? Nadhani watu wanayaunganisha mambo haya mawili kwa kuwa yanatokea kwa pamoja. Mimi nimeyafuatilia muda mrefu, na ninachokiona ni kwamba utaifa mara nyingi ndio unaokukaba koo kujitegemea huko.

Kwanza tuelewane utegemezi wenyewe ni nini. Wengi huwaza askari. Wapo, makumi ya maelfu, na nchi yenye wengi zaidi ni Ujerumani. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijua hili vizuri: AFRICOM, kamandi ya jeshi la Marekani inayoshughulikia bara letu, makao yake makuu yako Stuttgart. Mashambulizi ya anga nchini Somalia na kambi ya Manda Bay kule Lamu, ile iliyovamiwa na Al-Shabaab Januari 2020, vyote viko chini ya ofisi zilizo katika mji huo wa Ujerumani. Kwa hiyo Berlin wakijadili kama Wamarekani wabaki au waondoke, mjadala unafika hadi Lamu.

Lakini askari unaweza kuwahesabu na kuwaona. Kamba ngumu ni zile zisizoonekana. Chukua ndege ya kivita ya F-35, ambayo Italia, Uholanzi, Norway, Denmark, Ubelgiji, Poland, Finland na Ujerumani zimeinunua au kuiagiza. Ndege hii haifanyi kazi yake bila mafaili ya data yanayoitambulisha rada na makombora ya adui, na maabara kuu inayoandaa mafaili hayo iko katika kambi ya Eglin, Florida. Vipuri na masasisho ya programu hupita kwenye mfumo wa Marekani. Kuna uvumi kwamba Washington ina swichi ya kuizima ndege ikiwa angani. Pentagon imekana, na mimi sioni kwamba swichi inahitajika. Ukimcheleweshea mtu vipuri na data, baada ya muda ndege yake inabaki bandani.

Kisha kuna pesa. Takriban theluthi mbili ya malipo ya kadi katika nchi za sarafu ya euro hupita kwenye mitandao ya kimataifa, hasa Visa na Mastercard, na nchi 13 kati ya 20 zilizokuwa zikitumia euro hadi mwaka 2025 hazina mtandao wa kadi wa kwao. Mtu wa Nairobi anayelipa mama mboga kwa simu anaweza kushangaa, lakini ndivyo ilivyo. Jaji Mfaransa wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, Nicolas Guillou, aliijua maana yake mwaka 2025, alipowekewa vikwazo na serikali ya Marekani kwa sababu ya hati ya kumkamata Waziri Mkuu wa Israel. Alieleza hadharani jinsi maisha yake yalivyobanwa: huduma za kampuni za Kimarekani zilikatwa, kadi zikawa taabu. Raia wa Ufaransa, anafanya kazi The Hague, hajavunja sheria yoyote ya Ulaya, na bado mkono wa nchi ya mbali unamfikia mpaka kwenye pochi.

Hapa ndipo ninapopenda kuwasimulia wanafunzi habari ya INSTEX, kwa sababu inafundisha kuliko hotuba zote. Mei 2018 Donald Trump alijitoa katika mkataba wa nyuklia wa Iran na kurudisha vikwazo. Ufaransa, Ujerumani na Uingereza zilitaka kuendelea na mkataba. Umoja wa Ulaya ukaihuisha sheria yake ya 1996 inayokataza kampuni za Ulaya kutii vikwazo hivyo vya Marekani. Kampuni zikapima: zivunje sheria ya nyumbani, au zifungiwe mlango wa dola? Zikaitii Marekani. Total ya Ufaransa iliacha mradi wake mkubwa wa gesi Iran mwaka huohuo. Januari 2019 nchi zile tatu zikafungua chombo maalumu cha malipo mjini Paris, INSTEX, ili biashara na Iran ipite bila dola. Muamala wa kwanza ulifanyika Machi 2020, wa vifaa vya tiba. Mwaka 2023 kikafungwa. Nchi tatu kubwa za Ulaya, zikiwa na sheria, nia na ofisi, zilishindwa kuilinda biashara ya dawa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika mambo ya fedha Ulaya ilikuwa imetegemea cha nduguye tangu Vita Kuu ya Pili.

Sasa njoo kwa wazalendo.

Neno utaifa lina maana tofauti ukivuka kila mpaka. Ufaransa lina harufu ya de Gaulle, aliyeitoa nchi yake kwenye kamandi ya pamoja ya NATO Machi 1966 na kuwapa askari wa kigeni hadi tarehe 1 Aprili 1967 wawe wameondoka. Makao ya NATO yakahamia Ubelgiji. De Gaulle alikuwa na bomu la nyuklia, lililojaribiwa Februari 1960 kwenye jangwa la Algeria, na viwanda vya ndege vya nyumbani. Huyu ndiye mfano ambao kila anayepingana nami huniletea, nami nakubali: utaifa wake uliipa Ufaransa uhuru wa kweli. Ila uliipa Ufaransa peke yake. Ujerumani haikuweza kumfuata, wala Uholanzi, wala Ureno. Hata Uingereza, yenye bomu lake, makombora yake ya Trident hutoka kwenye hifadhi ya pamoja iliyoko Kings Bay, jimbo la Georgia. Waingereza walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016 ili warudishe mamlaka yao nyumbani, na makombora yakabaki palepale Georgia.

Poland ni kinyume kabisa. Septemba 1939 Ufaransa na Uingereza zilitangaza vita dhidi ya Ujerumani kwa ajili yake, kisha hazikufika. Mwaka 1945 mataifa makubwa yaliketi Yalta, na Poland ikaangukia kwa Stalin. Mzalendo wa Warsaw aliyelelewa na kumbukumbu hizo haziamini Paris na Berlin, anaiamini Washington. Ndiyo maana mwaka 2018 Rais Andrzej Duda, akiwa White House, alipendekeza Wamarekani wajenge kambi ya kudumu Poland iitwe Fort Trump. Karol Nawrocki, aliyechaguliwa rais Juni 2025 akiungwa mkono na wahafidhina walewale, alikwenda kupiga picha na Trump wiki chache kabla ya kura. Sithubutu kumcheka mtu wa Poland kwa hilo. Jirani yake ni Urusi, na ahadi za Ulaya Magharibi alishazionja.

Giorgia Meloni wa Italia ni kiongozi pekee wa serikali ya Umoja wa Ulaya aliyehudhuria kuapishwa kwa Trump Januari 2025. Viktor Orbán, akiwa waziri mkuu wa Hungary, alitumia miaka mingi kuzuia misaada ya Ulaya kwa Ukraine huku akinunua gesi ya Urusi, na Novemba 2025 alikwenda Washington kuomba Hungary isamehewe vikwazo vya nishati ya Urusi, akasamehewa. Yaani mabwana wakubwa wawili kwa wakati mmoja, na hayo yote chini ya bendera ya uhuru wa taifa.

Washington inaiona nafasi hiyo waziwazi. Februari 2025, kwenye mkutano wa usalama mjini Munich, Makamu wa Rais JD Vance aliwashambulia viongozi wa Ulaya kwa kuvitenga vyama hivi, kisha akakutana na Alice Weidel wa AfD, chama cha utaifa cha Ujerumani, siku chache kabla ya uchaguzi wa Ujerumani. Mkakati wa usalama wa taifa uliotolewa na serikali ya Trump Desemba 2025 ulisifu kukua kwa vyama vya kizalendo barani Ulaya. Ninaisoma sera hii kwa namna moja tu: mataifa 27 yanayokuja mezani moja moja ni rahisi kuyaamuru kuliko soko moja la watu milioni 450. Biashara ya nje ndiyo sehemu Umoja wa Ulaya unazungumza kwa sauti moja, na hata huko, Julai 2025 pale Turnberry, Scotland, ulikubali ushuru wa asilimia 15 kwa bidhaa zake nyingi. Katika mambo ya nje na ulinzi, ambako kila nchi ina kura ya turufu, serikali moja inatosha kusimamisha zote.

Friedrich Merz, aliyekuwa chansela wa Ujerumani mwaka 2025, alilielewa hilo. Mtu huyu aliongoza kwa miaka kumi jumuiya ya urafiki wa Ujerumani na Marekani, Atlantik-Brücke, na usiku wa ushindi wake, tarehe 23 Februari 2025, alisema kipaumbele chake ni kuiimarisha Ulaya hadi ijitegemee hatua kwa hatua mbele ya Marekani. Kwa vizazi vya wahafidhina wa Ujerumani hilo lilikuwa tamko la kutisha. Wiki chache baadaye bunge lilibadili katiba ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yasifungwe na ukomo wa madeni. Kura 513 ziliunga mkono. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba kura hiyo ilipigwa na bunge lililokuwa linamaliza muda, kwa haraka, kwa sababu katika bunge jipya AfD na chama cha Die Linke wangekuwa na zaidi ya theluthi moja na wangeweza kuizuia. AfD, chama kinachojiita sauti ya taifa la Wajerumani na kilichopata asilimia 20.8 ya kura, kilipinga fedha za kulifanya taifa hilo lisimame lenyewe.

Na pale ambapo Ulaya imefanikiwa kweli kujinasua, imefanyaje? Tazama Galileo, mfumo wake wa satelaiti za kuonyesha mahali. Desemba 2001 Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi wa Marekani, aliwaandikia mawaziri wa ulinzi wa Ulaya kuwaeleza wasiwasi wake juu ya mradi huo. Machi 2002 Umoja wa Ulaya ukauidhinisha hata hivyo. Ukachelewa, ukala fedha nyingi, ukadharauliwa, na Desemba 2016 ukaanza huduma. Simu uliyoshika huenda inazisikiliza satelaiti zake sasa hivi. Hakuna nchi moja ya Ulaya ingeujenga peke yake, na kila moja ililazimika kuachia kitu: kiwanda, kituo cha udhibiti, heshima fulani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mfano wa kinyume ni huu: mradi wa ndege mpya ya kivita wa Ufaransa, Ujerumani na Hispania, ulioanzishwa 2017, umekuwa ukikwama kwa ugomvi wa kampuni za Dassault na Airbus juu ya nani aongoze.

Januari 2026 ikaja Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark ambacho Trump alikitaka kiwe cha Marekani. Trump alitishia kuzitoza ushuru nchi nane za Ulaya, yaani Denmark na saba zilizosimama nayo, kisha akarudi nyuma akiwa Davos. Kwa mara ya kwanza niliwaona wazalendo wa Ulaya wakigawanyika hadharani juu yake. Jordan Bardella wa chama cha utaifa cha Ufaransa, National Rally, alipinga waziwazi, hata Weidel alilalamika. Walipoguswa kwenye ardhi, lugha ilibadilika. Lakini Bardella huyohuyo anatoka katika chama kinachopinga jeshi la Ulaya na kinachosisitiza kwamba bomu la Ufaransa libaki la Wafaransa tu.

Denmark yenyewe inaonyesha ugumu ulipo. Nchi hii ilikuwa mshirika mtiifu wa Marekani kuliko karibu wote. Ilizika askari zaidi ya 40 waliokufa Afghanistan, vita ambavyo NATO iliingia baada ya Marekani kushambuliwa. Septemba 2025, tayari ikijua Greenland inamezewa mate, ilichagua mfumo wa ulinzi wa anga wa Ufaransa na Italia badala ya Patriot wa Marekani. Mwezi uliofuata ikaagiza F-35 nyingine 16. Marubani wake wamefunzwa kwa ndege hiyo, mabanda yamejengwa kwa ajili yake, na kuibadili kungechukua miaka ambayo Denmark, ikitazama Urusi, haioni kwamba inayo.

Kwa hiyo mimi macho yangu yapo Ufaransa, kwenye uchaguzi wa rais wa Aprili 2027, ambao Emmanuel Macron haruhusiwi kugombea. Machi 2025 alifungua mjadala wa kutumia nguvu ya nyuklia ya Ufaransa, vichwa vipatavyo 290, kuwakinga na majirani. Marine Le Pen, wa chama hichohicho cha Bardella, alijibu kwamba kinga hiyo haigawanywi. Baada ya Uingereza kutoka, Ufaransa ndiyo nchi pekee yenye silaha hizo ndani ya Umoja wa Ulaya, na amri ya kuzitumia ni ya rais peke yake.