Kufunguka bila intaneti si kufanya kazi bila intaneti

Karibu kila programu ya simu inayonadiwa kwa wafanyabiashara wa Mwanza sasa hivi ina sifa moja: "inafanya kazi bila intaneti." Nyingi hazifanyi.

Maana yake ni fupi. Programu ya aina hiyo huandika taarifa kwanza ndani ya simu, inakuacha uendelee na shughuli zako, halafu inazipeleka kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya wenye programu, intaneti ikirudi. Basi.

Watu huichanganya na vitu viwili. Cha kwanza ni menyu za nyota na reli. Hizo hazili bando, kweli, lakini bila mnara hazisogei: kila chaguo unalobonyeza huenda kwa kampuni ya simu na kurudi papo hapo, na ikikatika katikati unaanza upya. Kuishiwa bando na kukosa mnara ni matatizo mawili tofauti.

Cha pili, na ndicho kinachokera, ni programu inayofunguka tu. Imehifadhi kurasa ulizotazama mara ya mwisho. Uko mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kisiwani Ukara, unaifungua, orodha ya wateja ipo, bei ya dagaa ipo (ya lini, haisemi). Unajaza uzito, unabonyeza "Hifadhi", kiduara kinazunguka weee, kisha "Hitilafu imetokea", na ulichojaza kimefutika. Kwa mnunuzi aliyesimama kwenye mzani na foleni nyuma yake, hiyo ni hasara kuliko daftari.

Kuipima hakuhitaji fundi. Weka simu kwenye hali ya ndege, funga programu kabisa, uifungue upya. Andika mauzo matatu. Zima simu, iwashe, uangalie kama bado yapo. Rudisha intaneti, kisha hesabu yaliyofika kwenye seva. Yakiwa mawili, moja limepotea. Yakiwa manne, umekutana na kosa la kawaida sana: simu ilituma, seva ikapokea, ila jibu la "nimepata" likakatikia njiani, simu ikadhani haikufika ikatuma tena. Dawa ni simu yenyewe kuipa kila rekodi namba ya kipekee pale pale inapoandikwa, bila kungoja seva iitoe. Namba ile ile ikija mara ya pili, seva inajibu "ninayo" na haiandiki kitu.

Kwenye salio la mzigo ghalani ndiko wengi wanakokwama. Tuseme ghala moja pale Mwaloni Kirumba lina magunia 100 ya dagaa, na wahudumu wawili wana simu zisizo na intaneti. Mmoja anatoa 12, simu yake inaandika 88. Mwenzake anatoa 5, yake inaandika 95. Intaneti ikirudi, seva inayokubali namba iliyofika mwisho itasema 88 au 95, kutegemea nani kachelewa kutuma. Zote si kweli. Simu zilipaswa kutuma tukio lenyewe, "yametoka 12" na "yametoka 5", seva ipige hesabu: 83. Wajenzi huanza na salio kwa sababu ndilo linaloonekana kwenye skrini, na kuja kulibadilisha baadaye ni karibu kujenga upya. Kuamua nani wa mwisho kwa saa ya simu nako hakusaidii, maana mwenye simu anaweza kuirudisha nyuma anavyotaka.

"Itajituma yenyewe" pia isemwe kwa kiasi. Tangu toleo la 6, Android huzuia kazi za programu simu ikilala, ili kutunza betri, na kazi ya kujirudia kwa utaratibu wake wa kawaida haipangwi chini ya kila dakika 15. Kwa hiyo kila rekodi iwe na alama inayosomeka, "haijatumwa" au "imetumwa", pamoja na kitufe cha "Tuma sasa". Na programu isiamini vijiti vya mnara. Ukiwa kwenye meli ya kwenda Nansio vinaweza kuonekana viwili na data isisogee hata kidogo; uthibitisho ni jibu la seva peke yake.

Malipo ya simu hayaingii humu kabisa. Salio la mteja liko kwa kampuni ya simu, hivyo bila mtandao programu inaweza kutunza ombi la malipo tu. Ikikuandikia "yamelipwa", usiachie mzigo.

Basi ndugu zetu wauzaji, kama programu yenu inaonyesha tu, andikeni "unaweza kusoma bila intaneti". Wanunuzi wapo. Bei ya jana nayo ina faida, mradi tarehe na saa viandikwe pembeni yake.