Je, wajua? Makamu Mkuu wa Chuo hamsubiri mkuu asafiri

Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kulalamikia alama za somo moja kwa barua ndefu iliyoanza "Kwa Mkuu wa Chuo". Chini kabisa nikaongeza "nakala kwa makamu wake", naye asikose habari. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: makamu ni msaidizi, hukalia kiti bosi akiwa safarini. Jibu lilitoka kwa huyohuyo makamu, mistari mitatu: matokeo yameshapitishwa na Seneti, yaani kikao cha chuo kinachoamua mambo ya taaluma. Bahasha moja, makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la cheo. Katika vyuo vikuu vilivyorithi mfumo wa Uingereza, Mkuu wa Chuo (kwa Kiingereza "chancellor") hutunuku shahada siku ya mahafali, kisha huvua joho na kwenda zake. Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Cambridge kwa zaidi ya miaka 30, hadi 2011, na hakuna aliyemtarajia kujua nani anadaiwa ada. Anayeendesha chuo na kulaumiwa kikikwama ni makamu. Oxford ya karne ya 13 ilikuwa na mkuu aliyeishi palepale na kuamua kesi za wasomi. Kuanzia karne ya 15 kiti kikaanza kuwaendea vigogo wenye shughuli zao kwingine, na kazi ikabaki kwa aliyeachiwa kuikaimu. Anaikaimu mpaka leo.

Usiibebe kanuni hii kila mahali, lakini. Kwenye Chuo Kikuu cha California, Marekani, mwenye cheo hichohicho cha "chancellor" ndiye mtendaji wa kampasi yake.

Kosa la pili lilikuwa kudhani kwamba aliye juu anaweza kugusa alama. Fikiria jahazi. Mwenye jahazi hulipia matanga, huajiri nahodha na huamua kama kuna fedha za safari. Lakini tanga lipandishwe lini na mwamba upitwe upande gani, hilo si lake, hata kama kila msumari ni mali yake. Chuoni, mwenye jahazi ni Baraza: bajeti, majengo, ajira, na kwa kawaida uteuzi wa makamu mwenyewe. Kinachofundishwa na anayestahili kufaulu viko mikononi mwa Seneti, ambayo wajumbe wake wengi ni wanataaluma. Alama yangu ilitoka kwa mhadhiri ikaenda idarani, ikapita kwa mtahini wa nje, ikafika bodi ya kitivo, ndipo Seneti ikaigonga muhuri. Kabla ya hapo ilikuwa matokeo ya muda tu. Makamu huongoza kikao cha Seneti, ila kuongoza kikao si kusahihisha mtihani.

Wahenga walionya kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chuo kikuu kimeamua kuishi na hatari hiyo. Mpaka wenyewe huvuja: Baraza haliwezi kusema somo fulani halifai, lakini linaweza kusema hakuna fedha za kumwajiri wa kulifundisha.

Wala wanataaluma hawakushika usukani tangu mwanzo kila mahali. Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, katika zama za kati kilitawaliwa na wanafunzi, na kanuni zao zilimtoza faini profesa aliyechelewa darasani. Kama zilitekelezwa kwa ukali ulioandikwa ni suala jingine.

Oxford ndiko nguvu ya walimu ilikoonekana waziwazi. Mwaka 1985 baraza la chuo lilipendekeza Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza aliyesoma hapohapo, apewe shahada ya heshima. Wanataaluma, waliokasirishwa na kupunguzwa kwa fedha za elimu, walikusanyika wakapiga kura: 738 walikataa, 319 walikubali. Hakupewa. Mkuu wa Chuo wakati huo alikuwa Harold Macmillan, waziri mkuu wa zamani wa chama kilekile cha Thatcher.