Kakundakari: habari za mwituni zipokelewe vipi?

Wanaotoka Shabunda, Bunyakiri au Walikale, mashariki mwa Kongo, hufika Bukavu na mawese, dhahabu na, mara nyingine, habari za kiumbe mwenye manyoya anayetembea kwa miguu miwili. Wengi humwita kakundakari. Aliye mkubwa zaidi huitwa kikomba. Miaka ya 1960, Charles Cordier, Mswisi aliyekuwa akikamata wanyama kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani, alizikusanya simulizi hizo hapa Kivu na kuziandika. Mpaka leo hakuna fuvu wala ngozi iliyofikishwa maabara.

Hata hivyo, mtafiti anayemcheka msimulizi ameisahau historia ya nchi hii. Wambuti, wenyeji wa msitu wa Ituri, walikuwa wakimwinda okapi, mnyama wa jamii ya twiga, tangu zamani. Sayansi ilimpa jina mwaka 1901 tu. Lesula, kima wa Lomami, alitangazwa mwaka 2012, na watafiti walikuwa wamemwona mara ya kwanza mwaka 2007 akiwa amefugwa nyumbani kwa watu, kule Opala.

Kesi ninayopenda kuwasimulia wanafunzi ni ya Bili, Bas-Uele, kaskazini mwa Kongo. Wawindaji wa huko walisema kuna sokwe wa aina mbili: wanaopiga miti na wanaoua simba. Kuanzia mwaka 1996 mpiga picha Karl Ammann alifuatilia habari hizo, zikapatikana nyayo kubwa kupita kawaida na vitanda vya majani chini ardhini, kama vya gorila. Wengine wakaanza kutangaza spishi mpya. Vinasaba vilipopimwa, jibu likawa sokwe mtu wa mashariki, yule yule tunayemjua. Lakini wawindaji hawakudanganya: nyayo zilikuwepo, vitanda vilikuwepo. Habari ya kuua simba ndiyo haikuthibitishwa.

Kwa hifadhi ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, na misitu ya jirani, mimi humshuku kwanza gorila wa Grauer, ambaye haishi nchi nyingine yoyote. Dume anaweza kupita kilo 200, tena wapo madume wanaotembea peke yao, bila familia. Akisimama katika ukungu na kujipiga kifua, nani atabaki pale kumhesabu vidole? Nyayo nazo zina ujanja wake. Mguu wa nyuma ukikanyaga juu ya alama ya mkono, unapatikana unyayo mmoja mrefu ajabu, na mvua ikinyesha matope huupanua zaidi.

Ukikuta alama, ipige picha ukiwa umeweka kando yake panga au kandambili, ukubwa ujulikane. Nywele ziokote kwa kijiti safi, uzifunge katika karatasi kavu; mfuko wa plastiki huziozesha. Mavi usiyaguse kwa mikono mitupu. Mzoga usiuguse kabisa: Ebola ilifika hadi Mwenga mwaka 2019, na gorila na sokwe mtu wanalindwa na sheria, hata mifupa yao. Ukikutana na gorila ana kwa ana, usikimbie. Inama, tazama chini, rudi nyuma polepole.

Kisha mwarifu mlinzi wa ICCN (taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za wanyama) aliye karibu: siku, saa, mto gani, kulikuwa na mwanga kiasi gani. Na anayeuliza maswali asitangulize picha ya gorila mbele ya shahidi. Amwache kwanza aeleze mwenyewe mpaka amalize, kwa lugha ya nyumbani kwake, kwa sababu akishaiona picha ataanza kueleza picha.