Mahudhurio ya kliniki ya wajawazito maana yake nini hasa

Kila ukianza mjadala wa afya ya mama na mtoto, iwe redioni au kwenye magrupu ya WhatsApp, lazima atokee mtu aseme "wanawake wa vijijini hawaendi kliniki, elimu hakuna". Nimeisikia hiyo mara nyingi mno na inaniumiza, maana ina makosa mawili ndani yake na yote mawili anabebeshwa mama.

Maana yenyewe ni fupi. Mahudhurio ni mambo matatu kwa pamoja: mama ameanza mimba ikiwa na wiki ngapi, amerudi mara ngapi mpaka kujifungua, na kila alipofika alipimwa na kupewa nini. Na yale wanayoita mambo yanayochangia mahudhurio ni chochote kinachogusa mojawapo ya hayo matatu, kiwe nyumbani, njiani au palepale kituoni.

Sasa kosa la kwanza, hilo la "hawaendi". Tanzania utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya waliojifungua walionwa na mhudumu wa afya mwenye ujuzi angalau mara moja wakati wa mimba, 98 jamani, hiyo ni karibu kila mtu! Ila waliofika mara 4 au zaidi walikuwa asilimia 51 tu, na walioanza ndani ya miezi mitatu ya kwanza hawakufika hata robo. Utafiti wa 2022 ukakuta waliofika mara 4 wamepanda mpaka asilimia 65, kwa hiyo watu wanabadilika na wanasogea. Yaani kwenda wanaenda, shida iko kwenye kuanza na kurudi, na hizo ni shida mbili ambazo hazina majibu ya aina moja.

Kuanza mapema kuna maana kwa sababu kuna vitu havingoji. Kaswende ikigundulika mapema mama anachomwa penisilini na mtoto anasalimika, upungufu wa damu unataka miezi ya vidonge vya madini ya chuma, na dawa ya SP ya kukinga malaria inaanza mwezi wa nne na kurudiwa kila baada ya mwezi, angalau dozi tatu, sasa aliyeanza mwezi wa nane atazipata wapi zote. Ndo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilitoka kwenye mara 4 likaenda mara 8, ya kwanza ndani ya wiki 12, na nyingi zikarundikwa mwishoni kwa sababu presha na kifafa cha mimba huwa vinapenda kujitokeza huko.

Haya, kwa nini mtu achelewe kuanza? Wengi mimba changa hawaitangazi, wanaogopa macho ya watu, wanaogopa ikiharibika itakuwa aibu, kwa hiyo wanasubiri mpaka mtoto acheze tumboni ndo wanaamini. Binti aliyeko shule au ambaye hajaolewa ana sababu zaidi ya kuficha. Mama wa mtoto wa tano anajiona mzoefu, na kama hizo nne zilienda salama haoni haraka ya nini. Halafu kuna hili linaloniuma zaidi, vituo vingine mama akija bila mwenza anarudishwa, au anaambiwa akalete barua ya serikali ya mtaa. Lengo lilikuwa zuri, wote wawili wapime VVU, lakini yule aliyekimbiwa au ambaye mume yuko machimboni anapoteza wiki kadhaa hapo, na kwenye takwimu anahesabika "amechelewa" kana kwamba alikuwa amelala.

Kutorudi ni habari nyingine kabisa. Huyu ameshafika, kadi anayo, tena wapo wanaoifuata kadi tu ili siku ya uchungu wasigombezwe. Ameamka alfajiri, ametembea au amelipa bodaboda, amekaa foleni mpaka saa saba mchana, kipimo cha mkojo kimeisha, vidonge akanunue duka la dawa wakati sera inasema huduma ya mjamzito ni bure, na nesi yuko peke yake kachoka kamjibu vibaya mbele za watu. Safari ya pili anaipigia hesabu upya, tena kama ni msimu wa kulima au hela ya nauli anaishika mume hesabu inakataa. Huyo elimu ya umuhimu wa kliniki utakayompa ni ipi, wakati umuhimu anaujua na alishakwenda?

Kosa la pili ndo hilo la elimu. Ni kweli tafiti nyingi zinakuta waliosoma wanahudhuria zaidi, lakini aliyesoma mara nyingi anaishi karibu na kituo, ana hela yake mkononi, ana sauti nyumbani, na akifika pale anaongeleshwa vizuri. Vitu hivyo vinatembea pamoja na cheti, sasa ukisema elimu peke yake umeyafunika yote hayo na umefunga mjadala.

Kwa hiyo ukikutana tena na hoja hiyo, taratibu tu, muulize anayesema anaongelea nini, kuanza, kurudi au huduma yenyewe. Na ukikaa na mama mjamzito usimuulize kwa nini haendi kliniki, muulize alianza na wiki ngapi na mara ya mwisho alivyofika walimpima nini.