Je, wajua kwa nini India iliwahi kuulizia mvua ya Zanzibar?

Mwaka 1909, katika mji wa Simla ulio vilimani kaskazini mwa India, palikuwa na ofisi ya serikali ambayo kila Mei ikiisha ilitaka kujua mambo manne. Theluji iliyolala Himalaya ni kiasi gani? Mgandamizo wa hewa, yaani uzito wa hewa iliyo juu ya mahali, Mauritius ukoje? Amerika Kusini je? La nne ndilo linalotuhusu: Zanzibar kumenyesha kiasi gani Aprili na Mei?

Ndiyo, masika ya Unguja. Mvua ile ile ya kutufanya tutege ndoo chini ya paa linalovuja ilikuwa inaingizwa kwenye hesabu ya kukisia kama mkulima wa India atavuna au atalala njaa. Na jibu lilikuwa kinyume na unavyodhani. Masika yakizidi Zanzibar, hesabu ilisema India ijiandae kupungukiwa.

Mwenye hesabu hiyo aliitwa Gilbert Walker, Mwingereza aliyezaliwa Rochdale mwaka 1868, na alipokabidhiwa kazi ya hali ya hewa hakuwa mtu wa hali ya hewa hata kidogo. Alikuwa mwanahisabati. Mwaka 1889 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa hisabati wa Cambridge, kisha afya ikamwangusha, akapelekwa Uswisi kupumzika na huko akanogewa na kuteleza kwenye barafu. Kitu kingine kilichomnogea ni bumerangi, lile gongo lililopinda la wenyeji wa Australia ambalo likirushwa vizuri humrudia mrushaji. Alizirusha kwenye nyasi za chuo hadi wenzake wakambandika jina la Bumerangi Walker, halafu akakaa chini kuandika hesabu za kwa nini zinarudi.

Sasa, mtu wa namna hii anaitiwa nini India?

Anaitiwa njaa. Sehemu kubwa ya mvua ya India hunyesha kati ya Juni na Septemba, ikiletwa na upepo ambao sisi tunaujua kwa jina la kusi. Ni ule ule uliokuwa ukiyapeleka majahazi yetu kaskazini: unapanda kutoka kusini, unapita pwani ya Afrika Mashariki, ukivuka ikweta unapinda kuelekea India. Mwaka ambao haukufika na mvua, watu walikufa kwa mamilioni, kama ilivyotokea 1876 hadi 1878. Mwaka 1899 mkuu wa idara ya hali ya hewa, John Eliot, alitangaza kwamba mvua itakuwa nyingi kuliko kawaida. Ukaja ukame, na njaa juu yake. Aliposhika nafasi yake mwaka 1904, Walker alirithi idara iliyokwisha kuaibika mbele ya magazeti.

Akafanya anachokijua. Alisema, kwa maneno yangu: tusijidai kuelewa anga, tuzihoji tarakimu. Alikusanya rekodi kutoka vituo vya dunia nzima, za mvua, joto, mgandamizo wa hewa, hata kina cha mafuriko ya Mto Nile na idadi ya madoa ya jua, yale mabaka meusi yanayotokea juani. Kisha akaweka makarani wa Kihindi wazipambanishe mbili mbili.

Hebu mwone karani mmoja mezani. Kushoto kaandika mvua ya India ya kila mwaka kwa miaka thelathini. Kulia, mgandamizo wa hewa wa kituo kimoja cha Amerika Kusini kwa miaka hiyo hiyo. Atatafuta wastani wa kila safu. Atatoa kila mwaka umepita wastani au umepungua kwa kiasi gani. Atazidisha tofauti ya kushoto kwa ya kulia, mara thelathini, ajumlishe, agawanye, atafute kipeuo cha pili. Mwisho anapata namba moja, kati ya hasi moja na chanya moja. Ikikaribia sifuri, vitu viwili hivyo havijuani. Basi anafungua ukurasa mpya na kituo kingine. Hakuna kompyuta, ni kalamu na wino, na kazi iliendelea miaka na miaka.

Hapa ndipo ninapomvulia Walker kofia kuliko mahali pengine popote. Aliona mtego ambao hata leo unawanasa watu wenye kompyuta kubwa. Chukua wanafunzi 50, kila mmoja arushe sarafu mara 5. Kuna uwezekano mkubwa yupo atakayepata kichwa mara zote tano, pengine wawili. Je, wana kipaji? Hapana, ni wingi wa wanafunzi tu. Vivyo hivyo, ukipambanisha vituo vya kutosha, lazima upate jozi inayoonekana kupatana sana kwa bahati tupu. Mwaka 1914 Walker alitoa kipimo cha kuuliza: kwa idadi ya majaribio niliyofanya, uhusiano huu mzuri ungeweza kujitokea wenyewe? Vingi vilivyokuwa vikisifiwa havikufua dafu. Madoa ya jua, yaliyokuwa na mashabiki wengi wakati huo, hayakumpa cha maana.

(Kwa pembeni: Februari 1913 Walker alipita Madras, akaonyeshwa daftari za karani mmoja maskini wa ofisi ya bandari. Aliandika mara moja kwa chuo kikuu cha mji huo kwamba kijana huyu asaidiwe atulie na hisabati. Karani huyo ni Srinivasa Ramanujan, aliyekuja kuwa mwanahisabati mashuhuri.)

Katika msitu ule wa tarakimu kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikufutika hata baada ya kipimo. Mgandamizo wa hewa ukipanda upande wa Pasifiki, kwenye vituo kama Honolulu na Samoa, ulishuka upande wa Bahari ya Hindi, kuanzia Cairo na Mauritius hadi Darwin ya Australia. Mwaka mwingine ikawa kinyume. Ni kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao, mmoja akienda juu mwenziwe yuko chini, ila ubao wenyewe una urefu wa karibu nusu ya dunia. Kwenye maandishi yake ya 1923 na 1924 aliipa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita Bembea ya Kusini.

Kwa nini inabembea? Hakujua, na hakujidai kujua. Mwaka 1924 alistaafu India, akapewa cheo cha Sir, akaenda kufundisha Imperial College, London. Wenzake wengi hawakuridhika. Ungewezaje kusema hewa ya Samoa inasikilizana na ya Cairo bila kuonyesha kamba inayoziunganisha? Na kazi yenyewe aliyotumwa, kuitabiria India mvua, haikutengemaa: vigezo vyake kadhaa vilifanya vizuri kwa muda kisha vikalegea. Walker alifariki Novemba 1958, na taabini moja ya wanataaluma ilisema wazi kwamba matumaini yake hayaelekei kutimia.

Ajabu ya mambo, kamba ilikuwa inaonekana wakati ule ule. Mwaka wa 1957 hadi 1958 nchi nyingi zilishirikiana kuipima dunia, na Pasifiki ikapata joto lisilo la kawaida mbele ya vipimo. Jacob Bjerknes, Mnorwei aliyekuwa akifundisha California, alizitazama takwimu hizo na mwaka 1969 akaeleza kilichopo. Kwa kawaida pepo za ikweta za Pasifiki huvuma kutoka mashariki, zikiyasukuma maji ya moto hadi Indonesia. Huko hewa hupanda, mawingu hujaa, mvua humwagika. Hewa hiyo ikifika juu hurudi mashariki na kushuka karibu na Peru, pakavu. Bjerknes akaliita duara hilo Mzunguko wa Walker. Pepo zikilegea, maji ya moto hurudi mashariki, na wavuvi wa Peru huona bahari imebadilika karibu na Krismasi. Ndio waliolitoa jina El Niño, yaani Mtoto Yesu.

Na sisi? Sehemu ya hewa inayopanda Indonesia hushukia upande wetu, magharibi ya Bahari ya Hindi, na hewa inayoshuka hukandamiza mawingu kama kifuniko cha sufuria. El Niño ikija, mara nyingi kifuniko hulegea. Bahari ya huku hupata joto, pepo hugeuka zikituletea unyevu, na vuli ya Oktoba hadi Desemba hunyesha kwa fujo. Vuli ya 1997 ilimwagika hadi mwanzoni mwa 1998, ikakata barabara na reli Tanzania na Kenya, ikafuatiwa na homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo na watu. Upande wa pili wa bembea huitwa La Niña. Ilikaa karibu miaka mitatu kuanzia 2020, na kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia kusini mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo.

Ndiyo maana taarifa ya vuli ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kabla haijafika kwenye ile sentensi yake ya "mvua za wastani hadi juu ya wastani", hukupitisha kwanza Pasifiki.

Lakini tuna tabia ya kuukumbuka mwaka 1997 kana kwamba ndio ushahidi wote. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kati ya zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa. Tulitishana vya kutosha, na vuli haikuifikia ile ya 1997. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, na mafuriko yakatukuta hata hivyo. Safari hiyo aliyebembea ni Bahari ya Hindi yenyewe, magharibi yake ikipata joto na mashariki ikipoa, jambo lililoelezwa na wanasayansi mwaka 1999 tu. Walker asingeweza kuliona. Alikuwa na vituo vya visiwani na pwani, lakini katikati ya bahari hakuwa na mtu wa kumtumia hata tarakimu moja.