Alizeti haifuati jua maisha yake yote

Watu wengi bado wanaamini ua la alizeti linazunguka na jua kila siku mpaka likauke, na si kweli. Inayofuata jua ni alizeti changa, ile bado inarefuka. Haina misuli kama mnyama, inageuka kwa kukua tu: mchana upande wa shina ulioelekea mashariki unarefuka zaidi ndo kichwa kinalalia magharibi, usiku upande wa magharibi nao unarefuka, kwa hiyo alfajiri kichwa kishageukia mashariki kabla jua halijatoka (hii ndo inanishangaza zaidi, mmea una saa yake ya ndani kabisa). Ikikomaa haikui tena, haigeuki tena, inabaki imetazama mashariki. Na inafaidika, maana ua linapata joto mapema asubuhi na nyuki wanalijia kwa wingi.