Utafiti wa kufuatilia kundi: kuuliza kabla mtu hajaanguka

Mzee wa Kibokoni akipatwa na kiharusi, maswali huanza akiwa ameshalala kitandani. Alikuwa akila nini? Akivuta? Mkewe anakumbuka chumvi, mwanawe anakumbuka sigara, na presha hakuna aliyewahi kuipima.

Utafiti wa kufuatilia kundi huuliza hayo mapema, watu wakiwa wazima. Maelfu ya wakazi huandikishwa, wakapimwa presha, sukari, uzito na mafuta ya damu, kisha hurudiwa wale wale kila baada ya muda hadi uzeeni. Baadhi yao wataugua moyo, wengine hawataugua. Hapo ndipo vipimo vya zamani hufunguliwa kutazama walitofautiana wapi tangu mwanzo.

Utafiti mashuhuri wa namna hii ulianza 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, kwa watu 5,209. Watoto wao waliandikishwa kuanzia 1971, na wajukuu kuanzia 2002. Zama zile madaktari wengi waliamini kuwa presha kupanda uzeeni ni maumbile: mishipa imekakamaa, basi damu yahitaji nguvu zaidi kupita. Vipimo vya Framingham viliipindua imani hiyo, kwani wenye presha ya juu ndio waliozidi kupata maradhi ya moyo na kiharusi. Inaniuma kwamba hadi leo, hapa Mombasa, nasikia mzee akiambiwa “hiyo ni presha ya uzee tu”, akaachwa bila dawa.

Lakini jambo kutangulia jingine hakutoshi kulifanya chanzo chake. Tuseme wanywaji wa kahawa ya barazani waonekana kuugua moyo zaidi. Huenda wengi wao huvuta sigara wakinywa, na mkosaji ni sigara. Ndiyo maana watafiti huwalinganisha wavutaji kwa wavutaji, wasiovuta kwa wasiovuta.

Isitoshe, kundi la kwanza la Framingham karibu lote lilikuwa la Wazungu, kwa hivyo kiwango cha hatari kilichokadiriwa kwao hakimwenei mtu wa Likoni moja kwa moja. Twahitaji makundi yetu. Jirani zetu wa Kilifi wana msingi: tangu 2000 watafiti huko hupita nyumba kwa nyumba wakiandika vizazi, vifo na waliohama. Hao waliohama ndio mtihani mkubwa. Wenye afya wakienda kutafuta kazi Nairobi au Ghuba na wasifuatwe, daftari litabaki na wagonjwa wengi kuliko walivyo kweli.